Karatasi Niliyoitandika Sakafuni

Mimi ndiye niliyebandika. Niseme hivyo kwanza,
maana Kabale ni mji mdogo
na habari hufika sokoni kabla ya mwenyewe.

Kazi yangu ni magari. Gereji, barabara ya Katuna:
ndoo ya sabuni, wembe, raba ya kukamulia maji,
na ile tinti nyeusi inayomfanya mwenye pikapu kuukuu
ajione waziri.
Kioo cha gari nakijua
kama ulimi unavyolijua jino lililotoboka.

Nesi Kyarisiima aliporudi kutoka Ulaya,
miaka kumi na tisa ya kugeuza wazee wa watu vitandani,
alijenga mlimani, nyumba inayotazama magharibi,
akashusha kwenye kontena madirisha tusiyowahi kuyaona:
vioo viwili vimetazamana,
katikati hewa iliyofungiwa kiwandani,
hewa isiyojua mtama wala moshi wa mkaa wetu.
"Baridi ya Kigezi," alisema, "itabisha hodi mpaka ichoke."

Ikachoka kweli. Lakini jua halikubisha.
Kila saa tisa alasiri liliingia na viatu,
likakaa kwenye makochi,
likaichujusha picha ya marehemu baba yake
mpaka ikabaki kola na kofia.
"Ngabirano," aliniita, "huko nilikuwa nalililia jua.
Sasa njoo unipunguzie."

Nikamwambia: kioo ni kioo.
Maneno matatu. Yamenigharimu ng'ombe.

Kwenye kasha la madirisha kulikuwa na karatasi ya kiwanda,
maandishi madogo madogo, na michoro.
Niliitandika chini, maji ya sabuni yasiharibu zulia,
nikasimama juu yake kutwa nzima
nikipiga mluzi.

Wiki mbili nyumba ilikuwa na ubaridi wa kisimani.
Nilichinjiwa kuku.
Kisha ukaja Juni, asubuhi zile ng'ombe hutoa moshi puani,
ukungu wa Bunyonyi ukilala hadi saa nne,
na alasiri jua likafunguka ghafla kama mlango uliopigwa teke.
Nusu ya juu ya dirisha ilikuwa kivulini mwa paa.
Nusu ya chini ikinywa.
Tinti yangu ilikunywa jua
na haikuwa na pa kulitemea;
gari hukimbia, upepo ukalipoza,
nyumba inakimbilia wapi?

Mlio, anasema, ulikuwa mdogo:
mbarika ikipasuka juani.
Ufa ulianzia ukingoni, ukapinda, ukapanda,
kama njia ya mbuzi.

Alinionyesha ile karatasi. Alikuwa ameianika, akaikunja, akaitunza.
Alama ya kiatu changu ilikuwa wazi,
na chini ya kisigino, kwa herufi nzito:
usibandike chochote juu ya kioo hiki.
Ukibandika, dhamana imekwisha.

Nikabandua yaliyobaki, maji ya moto na wembe,
mikono ikitetemeka kama ya mwanagenzi.
La pili nililikwaruza.
La tatu, mpira wa ukingoni ulikuwa umeshaachia,
na sasa umo humo, ukungu,
kati ya kioo na kioo.
Ukiufuta kwa ndani, uko nje.
Ukiufuta kwa nje, uko ndani.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.
Nimemsukia mikeka ya mafunjo, nimeining'iniza nje, chini ya paa,
jua liishie huko uani na kuku.
Nani angedhani? Mafunjo, ya bure, bondeni.

Jumamosi nampelekea deni kidogo kidogo.
Ananimiminia obushera, hatuzungumzii vioo.
Ila juzi nilifika mapema mno, mlango wazi,
nikamkuta amesimama dirishani,
kidole juu ya ufa, akiufuata taratibu,
akibonyeza hapa, akibonyeza pale,
kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa.