Ribaundi ya Kumi

Danguolė anaita, mimi naandika.
Ndiyo kazi yetu pale mezani tangu mwaka ule
paa la ukumbi wa Alytus lilipovuja
tukahesabu vikapu chini ya mwavuli.
Yeye macho, mimi vidole.
"Saba, tatu, kakosa. Kumi na nne, ribaundi. Tano, faulo."
Sauti kavu, ya mtu anayepokea mizigo stesheni.

Nje Februari, theluji imegeuka tope.
Ndani, vijana wa miaka kumi na sita,
Lithuania na Georgia,
magoti mapana kuliko mapaja,
sauti ambazo bado hazijaamua
ni za mtoto au za baba.

Sasa tazama karatasi, karibu na chini:
Kobalia, Zviad. Namba kumi na tatu.
Dakika moja na sekunde arobaini na nane.
Mitupo ya mbili, 0 kwa 0. Ya tatu, 0 kwa 0.
Asisti 0. Ribaundi 0. Kupokonya 0.
Faulo 1.
Mstari mzima mayai, kama trei ya dukani,
na hiyo faulo, ufa.

Dakika zake nyingine, thelathini na nane na ushei,
alikunja fulana za wenzake, akagawa maji,
akasimama kila kikapu kilipoingia.
Hizo hazina safu.
Sikuwahi kuulizwa niweke safu.

Juu yake, mstari mmoja tu:
Meskhi, Temur. Namba kumi na nne.
Pointi ishirini na mbili, ribaundi kumi.
Tarakimu mbili mara mbili!
Mzee mmoja mwenye skafu ya kijivu,
aliyekuja na daftari na hakupiga makofi hata mara moja,
aliomba nakala ya kwanza ikiwa bado ya moto,
akaizungushia duara,
akaitia ndani ya koti, akaondoka.

Ndipo Meskhi akaja mezani,
nywele zinachuruzika, kiatu kimoja mkononi.
Hatukuwa na lugha.
Danguolė alijaribu Kirusi chake cha shule;
kijana akatikisa kichwa.
Akanyanyua vidole tisa.
Akaweka kidole kwenye ile kumi, akakishusha
taratibu, mstari mmoja chini,
kwenye yai.

Nikarudisha mkanda. Robo ya nne,
zimebaki sekunde thelathini na moja.
Miili mitatu hewani, mikono kama matawi yaliyoshikana,
mpira katikati.
Nikarudisha tena. Mara ya nne nikauona
mkono mwembamba, wa kumi na tatu,
ukiushika, ukiutuliza,
kisha ukimpa Meskhi
kama mtu anayempa mwenzake chumvi mezani.

"Niliona kumi na nne," alisema Danguolė.
Akanyamaza.
"Niliona niliyezoea kumwona."

Mpira hauna mwenyewe mpaka uandikwe.
Na jicho, nalo, lina upendeleo wa tajiri:
hupeleka mzigo pale ambapo ghala limeshajaa.

Nikafuta kumi, nikaandika tisa.
Nikafuta sifuri, nikaandika moja.
Kompyuta ikauliza kama nina hakika.
Jumla ya timu haikusogea, thelathini na nne.
Matokeo hayakusogea, 71 kwa 68, wenyeji wameshinda.
Meskhi akainama kidogo, akavaa kiatu
akiruka kwa mguu mmoja hadi mlangoni.

Kupitia kioo nilimwona Kobalia
akiburuta mfuko wa mipira kwenye tope kuelekea basi.
Hakuna aliyemwambia, nadhani.
Na mahali fulani, ndani ya koti la kijivu,
ile kumi inasafiri bado.

Danguolė alifuta miwani kwa upindo wa sweta.
"Kesho Estonia na Uturuki," alisema, "saa nne asubuhi.
Njoo na betri."