Swali la Tisa

Daktari alinipa dakika kumi na karatasi.
"Foleni ya kuonana na mtu ni miezi saba,
lakini programu waweza kuianza usiku huu."
Nilikwenda na moyo mzito,
nikarudi na neno la siri la herufi nane.

Dundee, Novemba. Saa tisa na nusu alasiri
jua limeshafunga duka.
Mimi ndiyo kwanza naamka:
kazi yangu kudeki korido za hospitali
wagonjwa wakiwa wamelala.

Somo la kwanza. Skrini yauliza
wiki mbili hizi nimekosa hamu mara ngapi,
nimekosa usingizi mara ngapi.
Sifuri, moja, mbili, tatu.
Natafuta kisanduku cha mtu aliyeketi kitandani
soksi moja mguuni, ya pili mkononi,
tangu adhuhuri.
Hakipo. Nabonyeza tatu.

Kwetu Korogwe, mama alipokaa siku nne
bila kuchana nywele,
shangazi alisema, "Anasononeka, mwacheni."
Wakamwacha.
Walimwacha vizuri sana.

Morag si daktari. Alinieleza mapema, bila haya:
"Masomo ni yako. Mimi natembea kando."
Kila Alhamisi, dakika kumi na tano za simu.
Akiniita Winjuma.
Nikamwambia kuna M pale mbele,
fumba midomo kwanza.
Alhamisi iliyofuata nilimsikia akifumba:
kimya kidogo,
kisha jina langu zima.

Somo la tatu. Andika wazo linalokusumbua.
Mimi ni mzigo.
Andika ushahidi wa kulikubali. Nikajaza mistari sita, mkono haukuchoka.
Andika ushahidi wa kulipinga.
Nikaandika: korido ya wodi ya tano inang'aa.
Nikaona haya, nikafuta.
Nikaandika tena.

Maswali hurudi yale yale kila wiki.
La tisa nililizoea kulipita
kama mtu apitavyo duka la anayemdai,
mbio, uso upande wa pili: sifuri.
Wiki ya nne kidole kikagoma.
Moja.
Nikazima kompyuta, nikavaa viatu vya kazi.

Simu ikalia kabla sijafunga kamba.
Jumatatu. Si siku yake.
"Mwinjuma, nimeliona jibu lako."
Hakuzunguka. Aliuliza waziwazi,
kwa lile neno ambalo kwetu halitajwi
lisije likasikia likaja.
Nami nikajibu. Sauti ilitoka kama ya mtu
aliyekuwa amefunikwa blanketi.
Tuliongea saa nzima, akanipa namba ya usiku,
akaniambia niiandike kwa kalamu, si kwa simu.
Maji ya chai yalichemka, yakapoa,
nikayachemsha tena; hilo nalo alilisikia, akacheka.

Somo la tano lataka jambo moja dogo ulilolipenda zamani.
Zamani nilikuwa fundi cherehani.
Bi Halina wa ghorofa ya chini anayo moja,
amekuja nayo kutoka kwao Poland,
imegoma tangu mumewe afe.
Nikapanga: Jumamosi, saa sita, skrubu mbili.
Mbili tu. Programu hii hupenda vidogo.
Nikafungua zote.
Ndani, uzi umejisokota kwenye gurudumu,
mweusi, mgumu, miaka na miaka.
Bi Halina ameshika tochi, hasemi kitu,
mimi nautoa kwa sindano, nyuzi baada ya nyuzi,
na ilipogonga saa tisa
nikagundua sijajifikiria hata mara moja.

Nilianza na kumi na tisa.
Leo skrini inanipa kumi na moja na nyota ya njano,
kama ya mtoto wa chekechea.
Morag asema kumi na moja si haba.
Si sifuri, namwambia.
"Si sifuri," asema.

Zipo siku soksi bado hukaa mkononi.
Lakini kupitia sakafu naisikia cherehani:
inakwenda, inasimama,
anakata uzi,
inakwenda.