Kumlikiza Kalina

Saa kumi na moja alfajiri natoka karakana ya tramu,
vidole vinanuka sabuni ya sakafu,
baridi ya Łódź imenifuata hadi mlangoni kama mdai.
Kabla sijavua kiatu cha pili,
sauti kutoka kitandani: "Baba. Chupa."

Miaka miwili na miezi mitatu. Meno kumi na sita.
Chupa tano kwa siku. Nilizihesabu
siku Dakta Wieczorek alipouinua mdomo wake kwa kidole gumba
akanionyesha, pale jino linapopakana na ufizi,
mstari mweupe kama chokaa ya ukuta unaotaka kumeguka.
"Analala nayo mdomoni," alisema,
wala hakuniuliza; alishajua.
Chovya chovya humaliza buyu la asali.
Kumbe humaliza na meno.

Jagoda akaandika ratiba, akaibandika kwenye friji.
Wiki ya kwanza, ya mchana iondoke.
Wiki ya pili, ya jioni.
Ya kitandani tuitie maji, leo kidogo, kesho zaidi kidogo,
hadi asinzie na maji matupu
asijue nani kamwibia.
Mama mkwe akaisoma, miwani puani,
akasema wanawe wanne walinyonya chupa hadi chekechea
na wote wana meno ya kumng'ata mtu.
Alipoondoka aliacha chupa ya sita,
imejaa maji ya plamu zilizochemshwa na sukari.
Niliikuta Jumapili, nyuma ya mfuko wa unga.
Sikusema neno. Niliinywa mwenyewe, nimesimama,
kwa chuchu ile ile ya mpira,
na kweli, ilikuwa tamu.

Kikombe cha kwanza kilikuwa na masikio mawili na picha ya bata.
Alikimimina ndani ya buti langu.
Cha mrija, aliutafuna mrija ukawa bapa.
Cha tatu alimnywesha sungura wa kitambaa,
kisha akanitazama
kama karani anayesubiri mtu alete karatasi nyingine.

Zikaondoka, lakini. Moja, ya pili, ya nne.
Akaanza kula viazi. Akaomba supu ya kiazisukari
akajipaka hadi nyusi.
Ikabaki ya alfajiri.
Ratiba ilisema wiki ya tano.
Wiki ya tano ikaja, ikapita, na ya sita nayo.
Jagoda hakuuliza; alikuwa akizungusha tu kalamu nyekundu.

Basi nikiri.
Dakika kumi zile, kichwa chake kwenye kiwiko changu,
nyayo zikinisukuma mbavu,
koo likigonga gluku, gluku, kama saa ndogo,
ndizo zilikuwa mshahara wangu.
Nikiamka mchana yuko kwa bibi yake.
Nikienda kazini amelala.
Nani hapa alikuwa analikizwa?

Ijumaa moja, dirisha limeota barafu kwa ndani,
nilikaa kitini na koti langu, nimechoka hata kupasha maziwa.
Nikamimina kilichobaki kwenye thamosi,
maji vuguvugu na kipande cha ndimu,
katika kifuniko chake kilichobonyea.
Akaja na soksi moja. Akanyoosha mikono.
Akakishika kama mtu aliyekabidhiwa kifaranga,
akanywa.
Nusu ilipita shingoni ikaingia ndani ya nguo ya kulalia
akapiga yowe, akacheka, akasema, "Tena."

Alikunywa wima.
Sikuwa nimeliwaza hilo:
kwamba kikombe hakihitaji paja.
Akanirudishia kifuniko, akaenda dirishani
kukwaruza barafu aone tramu.

Chupa sasa Jagoda anapimia sabuni ya kufulia.
Kifuniko ni cha Kalina; mimi nanywea mdomoni mwa thamosi, naungua.
Ila kuna alfajiri nyingine namkuta hajaamka,
midomo inanyonya hewa, taratibu, halafu inatulia,
halafu inakumbuka.
Nasimama pale na kiatu kimoja mguuni.
Simwamshi.