Mizizi ya Tereskeni

Makaa ya mawe yalipokoma kuja Murghab
baba yangu, Mamatkul, dereva wa lori,
alibaki na lori lisilo na cha kubeba.
Basi akabeba jangwa.

Kichaka cha tereskeni hakifiki gotini.
Ukikiona utadhani kilikufa jana,
kijivu, kimejikunyata, kimeupa upepo mgongo;
kumbe chini yake kuna mzizi mnene
kama paja la mtoto,
umeushika mlima usiondoke.

Yeye akichimba kwa sululu, mimi nikifunga matita.
Nilikuwa na miaka tisa, na hesabu niliijua:
kichaka kimoja, birika moja.
Miaka themanini ya kukua
ikachemsha chai ya chumvi na maziwa
kabla baba hajamaliza kuvua viatu.

Sisemi alikosea.
Nyuzi arobaini chini ya sifuri hazibembelezwi.
Mama alikuwa na mtoto mchanga kifuani
na jiko halijui haya.

Mwaka wa kwanza tulichimba nyuma ya nyumba.
Mwaka wa nne, mwendo wa saa mbili kwa lori.
Mwaka wa saba dizeli ikala faida yote,
na vumbi, lisilo na wa kulishika tena,
likaingia kwenye maziwa, kwenye nywele, kwenye usingizi.
Arkari, kondoo wa mwituni wenye pembe za kujiviringa,
waliyatazama mashimo yetu
wakavuka mpaka kwenda China.
Hawakuaga.

Chui wa theluji, aliyekuwa akiwafuata wao,
akatufuata sisi.
Usiku mmoja, zizini, kondoo kumi na wanne.
Hata mmoja hakummaliza.
Baba akachukua bunduki, akaandama nyayo hadi kwenye miamba,
akarudi asubuhi na risasi zake zote.
Mama akamtazama tu.
"Amepita katikati ya mashimo yangu," baba akasema.
"Kila shimo ameliruka."
Siku hiyo hakuongeza neno.

Akaezeka zizi kwa wavu wa chuma.
Tukajifunza kuwasha mavi ya yaki,
tuliyoyabandika ukutani yakauke kama mikate.
Moshi wake unawasha macho. Wageni hukunja pua,
kisha husogea karibu na jiko.

Sasa ana miaka sabini na mmoja
na mfuko wa mbegu zenye manyoya.
Sululu ni ile ile.
Nilimwambia, hutaviona vikifika gotini.
"Na vile nilivyochoma," akanijibu,
"nani aliviona vikikua?"

Katika mashimo sitini, kumi na moja yameota.
Juzi aliniita kwa kelele, nikadhani ameanguka.
Mche mmoja ulikuwa umeliwa nusu.
Akapiga magoti akanionyesha meno yalipopita,
meno mapana, si ya kondoo wetu,
akacheka mpaka akakohoa.