Tisini na Sita

Kitabu kilisema mia.
Kipimajoto kikagota tisini na sita,
jiko la mkaa limewaka, sufuria inatokota,
Kidato cha Pili B, Kongwa, baada ya mapumziko.

"Kimeharibika," nikasema. Nikaleta cha pili.
Tisini na sita.
"Andikeni mia. Mtihani unataka mia."
Kalamu arobaini zikatii.
Ya Lechipya ikabaki hewani:
"Mwalimu, tuandike tulichoona au tulichoambiwa?"

Nilimwambia akae.
Alikuwa ameshakaa.

Usiku kucha upepo ulipiga bati,
namba ile ikigeuka nami kitandani.
Asubuhi nikaandika ubaoni:
*Huenda nimekosea. Tutajuaje?*
Chaki ilinikatikia katikati ya neno la pili.

"Ni chumvi ya kisima," nikakisia.
Ndahani akaleta maji ya mvua, akiba ya bibi yake,
nayo yakachemka palepale.
Darasa likalipuka: dhana ya mwalimu imekufa!
Nami, sijui kwa nini, nikapiga makofi.

Nyemo akasema labda ni huku juu tuliko,
hewa nyepesi, haikandamizi maji.
"Labda," nikasema. "Haya, tujaribu kuivunja na hiyo."
Kipimajoto kikavishwa soksi,
kikapanda lori la alizeti kwenda Morogoro
kwa shangazi yake, muuza chai wa Msamvu.

Wiki ya pili sasa. Shangazi hajapiga simu.
Kwenye daftari la Lechipya,
mahali pa jibu,
pako wazi.
Nimeweka vema.