Mgeni Ndani ya Kopo

Lilishuka Mwembe Tayari alfajiri, kwa basi la usiku,
kopo la maziwa ya unga limefungwa kwa kanga kuukuu,
na utingo akaniambia, "Mama, mzigo wako unatoa jasho."
Ndani: kijiti cha shubiri moja,
majani membamba kama kope za mtoto,
na udongo mweusi, mzito, unaonuka mvua
ambayo haijawahi kunyesha Kuze.

Feruzi, mwana wa dada yangu, ndiye aliyenitumia.
Hubeba mizigo ya wageni mlimani:
hema, masufuria, trei tatu za mayai, na havunji hata moja.
Sauti yake kwenye simu ilikuwa na mafua.
"Mama mdogo, huku maji hulala maji, huamka kioo.
Miti imebaki nyuma, hata nyani wamerudi.
Hiki ndicho kinachobaki nasi. Hakinuki kitu.
Lakini wewe ni mtu wa maua, nikaona ukijue."

Mtu wa maua, ndiyo. Miaka thelathini na mmoja
natunga vikuba barazani:
asumini kabla haijafumbuka, rehani, mkadi kwa wenye nazo,
kilua kikipatikana. Mabibi harusi nawajua kwa pua.
Ua lisilonuka kwetu ni nini?
Pilau isiyo bizari. Hodi isiyo sauti.

Nikauliza jina. Feruzi hakulijua;
wapagazi wenzake hukiita kuni.
Bi Zuwena, jirani, akakitazama kwa mbali:
"Kisicho jina kina mwenyewe. Kirudishe."

Siku ya tatu majani yakaanza kujikunja.
Ilikuwa Machi, hata feni hupuliza pumzi ya tanuri.
Nikatia kopo kikapuni, nikaenda Liwatoni,
kiwanda cha barafu, kwa Chengo,
anayenidai shilingi mia nne na hajanikumbusha hata siku moja.
Akakitazama kijiti, akanitazama mimi.
"Anaugua nini huyu?"
"Kwao," nikasema.

Akakiweka rafuni, karibu na mlango wa chumba cha baridi,
pale pumzi ya barafu inapovuja,
kati ya koti lake na daftari la madeni.
Kila Ijumaa nikaenda kukitazama
kama watu waendavyo hospitali,
na chupa ya maji, na maneno machache.

Julai, kipupwe, kikachanua.
Vikengele. Vidogo kama punje za mtama,
vyeupe, na wekundu kidogo mdomoni
kama mtoto aliyeiba tambuu.
Nikainamisha pua. Kimya.
Nikavuta tena mpaka kifua kikauma,
ndipo nikaelewa: samaki, dizeli, jasho, udi, mimi mwenyewe,
vyote viliondoka kwa muda wa pumzi moja,
nikasimama mahali peupe ambapo sijafika
na magoti haya hayatanifikisha.

Jumamosi umeme ukakatika. Siku mbili.
Chengo akakizungushia magunia, akakipepea kwa daftari,
deni langu likipanda na kushuka mbele yake.
Hakikupona.

Lakini maua hayakudondoka.
Asumini ikifa hugeuka kahawia, hulegea, huona haya.
Haya yalikauka yakiwa yamesimama, na umbo lake, na wekundu wake,
ukiyagusa yanachakarika kama karatasi ya peremende.

Wiki ile nilikuwa na harusi ya Sauda binti Shekuwe.
Nikamtungia kikuba cha haki: asumini, rehani, mkadi,
na katikati, pasipoonekana, vikengele vitatu.
Alipokiinua puani akasita.
"Bi Mwanatumu, umetia nini?
Humu pana mahali pamenyamaza."

Nikamfungia pini.
Jina sikuwa nalo la kumpa.