Vidole Vinne

Kwetu Wete, mbwa alikuwa sababu ya kuokota jiwe.
Ukikosa jiwe ulijifanya waokota,
naye alijua, akakimbia.

Nikaolewa Bidiya, mchanga unapoanzia,
nikamkuta mama mkwe, Bi Zayana,
amelala, na kiumbe chembamba kimejikunja miguuni pake.
"Huyu si mbwa," akanambia. "Huyu ni saluki,"
kwa sauti ya mtu akukanyaye
usimwite sharifu kwa jina tupu.

Dhabia binti Sarha, binti Hubara,
binti wa yule aliyetoka Adamu juu ya tandiko la ngamia
ili nyayo zisiungue kabla ya kazi.
Hakununuliwa. Hauzwi.
Mbwa wa namna hii hupewa mtu, kama siri.
Akitokeza sungura, walimteremsha,
mmoja akasema Bismillahi,
na yaliyobaki yakawa ya macho yake.
Pua anayo, ila haiamini sana.

Nikafundishwa kumtunza kama nilivyofundishwa harisi:
tende zitolewe kokwa, maziwa ya ngamia yawe fufutende,
maji asipewe akitweta, mpe akishatulia.
Mfupa wa kuku, haramu yake.
Hana shahamu, sakafu humuumiza; mtandikie ngozi ya kondoo.
Hina nyayoni kabla ya kaskazi ya kiangazi,
nyayo zikomae.
Masikio yana shungi, humo kupe hufanya mji.
Na unene wake hupimwa mgongoni, penye nyonga:
vidole vinne vikae kati ya mifupa miwili.
Vikizidi, mnamharibu. Vikipungua, mnamdhulumu.

Nilijifunza yote hayo nikiwa na kitambaa mkononi.
Bakuli lake niliosha mara saba, moja kwa udongo,
na mama mkwe akisikia maji, akicheka peke yake.

Siku hizi paa wana askari wao.
Saluki hukimbizwa Ijumaa nyuma ya gari
linaloburura kipande cha ngozi kwa kamba,
na vijana madirishani wanapiga picha.
Dhabia alikuwa wa pili. Kisha akasimama.
Akageuza shingo, polepole, kama aliyeitwa na mkubwa wake,
akaiacha ngozi na gari na mayowe yetu,
akakata upande wa matuta.
Shemeji yangu Mahfudhi akaapa kuwa hakukuwa na kitu kule.
Wewe uliangalia kwa macho ya nani, Mahfudhi?

Husema mbwa hafi maji akiona ufuko.
Huyu hajapata kuuona ufuko.
Amerudi baada ya Isha, mguu mmoja juu, kinywa kitupu,
akapita watu wote hadi kwa Bi Zayana,
ambaye macho yake yamekwisha tangu mwaka juzi.
"Nitazamie," ameniambia. "Amekonda?"

Kitambaa sikukiona kiko wapi.
Nimeweka vidole vinne mgongoni.
Vimeenea, kimoja kando ya kimoja,
na chini yake moyo ungali unakimbia.

Amenilamba kiganja.
Najua: saba, moja kwa udongo.
Nitaosha.
Leteni taa kwanza, mwiba wa pili bado uko ndani.